Pembe za Mwezi wa Kibuta

Kwa miaka thelathini na miwili mwezi haukuandama Kibuta mpaka Mzee Abeid Saburi aseme umeandama. Watu wa sehemu nyingine za Kisarawe walisubiri redio. Watu wa Kibuta nao waliisubiri redio, lakini kabla ya redio walimtazama Mzee Abeid, aliyesimama juu ya kichuguu nyuma ya msikiti, kanzu imepigwa pasi, mikono nyuma, kidevu juu. Akinyoosha kidole, watoto walipiga makopo. Asiponyoosha, kila mtu alirudi kwake kimya. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Haikuwa na mshahara, ila ilikuwa na jina, na jina hilo lilimtosha kuliko shamba.

Hakuwa mtu wa kumwamini kila anayeropoka. Aliyedai ameuona mwezi aliketishwa kwenye mkeka mbele ya wazee wa msikiti, akaulizwa maswali matatu: ulikuwa upande gani wa pale jua lilipozama, ulikuwa juu kiasi gani, na pembe zake zilitazama wapi. Muulizaji alikuwa Mzee Abeid mwenyewe. Mwaka mmoja Hussen, mchoma mkaa, mtu mpole asiye na shule, alitoka porini mbio akasema ameuona. Swali la kwanza alijibu. La pili alijibu. La tatu alibabaika, macho ya watu yote yakiwa usoni kwake, akasema pembe zilitazama chini.

“Chini?” Mzee Abeid aliuliza, kisha akawageukia watu. “Jamani, mwezi wa Hussen umejinyonga! Nendeni mkaukate kamba.”

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Hussen alibaki na jina la Mwezi Kamba, na wanawe waliitwa hivyo shuleni. Tangu siku ile aliswali safu ya mwisho, karibu na viatu. Mzee Abeid alipoambiwa kwamba alimwumiza mtu bure, alijibu kuwa ushahidi ni elimu, na asiye na elimu akae kimya. Yeye elimu aliitafuta mwenyewe. Aliisoma kwenye madarasa ya ngumbaro ya watu wazima, usiku, kwa taa ya chemli, baada ya kupalilia mikorosho ya watu mchana kutwa, mpaka akaweza kumwandikia barua mkuu wa wilaya na kujibiwa.

Sasa macho yalianza kumgomea. Lilianza la kulia, likaingia ukungu mweupe kama tui. La kushoto likafuata. Mfungo uliopita hakuuona mwezi kabisa. Alisikia mtoto nyuma yake akinong'ona, “Ule pale, juu ya mkorosho,” naye akanyoosha kidole kuelekea mkorosho. Makopo yakapigwa. Usiku ule alilala akitetemeka kama mtu aliyeiba.

Aliyejua ni mkewe peke yake, Rahma. Aligundua siku alipomkuta mumewe amesimama mlangoni akiliambia pole gunia la mkaa, akidhani ni jirani aliyefiwa.

“Jirani yako hajibu,” Rahma alimwambia. “Ana kiburi kama wewe.”

Rahma alikuwa na ulimi, lakini alikuwa na mkono pia. Aliuza mbuzi wake wote watano, akafunga fedha kwenye kitambaa, akamwekea mumewe kiganjani.

“Nenda Kibaha, pale Tumbi, wakakutoe huo mtoto wa jicho. Bado wiki tatu mfungo uingie. Usirudi hapa na hadithi, urudi na macho.”

Mzee Abeid alizichukua. Njiani alifikiri. Mtu anayetoka kutibiwa jicho hurudi na bandeji, hurudi na miwani myeusi, hurudi ameshikwa mkono. Kibuta nzima ingemwona. Zaidi ya wote angemwona Abdulkadiri, ndugu yake wa baba mmoja, katibu wa msikiti. Tangu marehemu baba yao alipompa Abeid kichuguu, Abdulkadiri hakuwahi kulalamika hata siku moja. Alitabasamu tu, miaka thelathini na miwili, tabasamu la mtu anayesubiri chungu kiive. Bandeji moja ingemtosha. Angesema kwa huruma, mbele ya watu, “Kaka apumzike sasa.”

Lakini mtu mwenye darubini si kipofu. Mtu mwenye darubini ni msomi. Mzee Abeid aliwahi kusikia kwamba Tumbi kuna mwanamke, mwalimu wa zamani, anayeuza darubini za mitumba. Kabla hajafika Mlandizi alikuwa amekata shauri.

Alifikia Janga, kwa mtani wake Bundala. Huyu Bundala ni Msukuma aliyehamia Pwani na ng'ombe wake robo karne iliyopita, na Msukuma na Mzaramo, kama kila mtu ajuavyo, ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukaa juu ya jeneza la baba yako akadai alipwe ndipo mzike, na wewe huna ruhusa ya kukunja uso. Kwa miaka yote ishirini na mitano wawili hawa hawakuwahi kuamkiana kwa heshima hata mara moja.

“We Mzaramo, bado hujafa tu?” Bundala alipiga kelele toka zizini.

“Nakusubiri utangulie nirithi hawa ng'ombe. Harufu yako na yao siku hizi nashindwa kuzitofautisha.”

“Ungeweza wapi kuchunga wewe? Ungesikia ngoma tu, ng'ombe wote wangefia mto Ruvu.”

Walicheka, wakala, wakalala. Asubuhi wakaenda Tumbi pamoja, kwa sababu Bundala alisema hawezi kukosa kumwona Mzaramo akinunua kitu kwa fedha taslimu.

Mwanamke yule aliitwa Modesta. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Bukoba, aliyefundisha fizikia miaka mingi kabla ya kuacha kazi na kuanza biashara barazani kwake. Aliwaamkia, “Shikamooni wazee wangu,” akawapa viti, akaleta darubini tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kutazamia kwa macho mawili, ya kuning'iniza shingoni. Ya pili ilikuwa fupi nene, mdomo mpana kama sufuria ya ubwabwa, imekaa juu ya kigoda cha mbao kinachozunguka. Ya tatu ilikuwa ndefu, nyembamba, nyeupe, imesimama juu ya miguu mitatu ya bati jepesi, na boksi lake lilikuwa na picha ya sayari yenye pete na maandishi makubwa kwamba inakuza mara mia tano ishirini na tano.

“Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, mzee,” Modesta alisema. “Wanauliza inakuza mara ngapi. Hilo si la kuuliza. Uliza mdomo wake una upana gani. Darubini inakinga mwanga kama unavyokinga maji ya mvua. Ukitega kopo na mwenzako akatega karai, nani atapata maji? Hii ndefu mdomo wake sentimita sita tu. Ukiikuza mara mia tano utaona giza lililokuzwa mara mia tano. Na miguu yake, tazama.” Aligusa meza kwa kidole, bomba jeupe likatikisika kama mnazi wenye upepo. “Ukikohoa tu, nyota inacheza. Hii fupi ina sentimita kumi na moja na nusu, na kigoda chake hakiyumbi. Bei ya hizi mbili ni moja.”

“Na hii ya macho mawili?”

“Hiyo ni robo ya bei. Unataka kutazama nini hasa?”

“Mwezi. Mwezi unaoandama.”

Uso wa Modesta ulichangamka. “Basi chukua hii ndogo, mzee wangu, fedha nyingine urudi nazo nyumbani. Mwezi mchanga ni mwembamba, uko chini, na unazama haraka. Hauhitaji kukuzwa, unahitaji kutafutwa, na hii inaona eneo kubwa kwa mara moja. Ukipenda kubwa, chukua fupi. Na ile ndefu, ningekuwa mtu mbaya kama nisingekwambia ubaya wake.”

Yalikuwa maneno mazuri, na Mzee Abeid, aliyesoma kwa taa ya chemli, aliyaelewa yote. Alinyoosha mkono kuelekea ile fupi nene. Bundala akaangua kicheko.

“Hilo pipa? Mtani, utapanda nalo kichuguuni hilo? Watu watakuja na vikombe! Watasema Mzee Abeid kaanza kupika gongo mwezi mtukufu!”

Mkono wa Mzee Abeid ulisimama hewani.

“Au chukua hiki kidude cha shingoni,” Bundala aliendelea, akijipangusa machozi. “Nilimwona nacho askari wa wanyamapori anahesabu nguruwe. Kitakufaa, we si mgeni wa nguruwe, wanakula mihogo yako kila mwaka.”

Mtu asiye na mtani hawezi kujua uzito wa jambo hili. Mzee Abeid alimjua Bundala. Neno *pipa* lingefika Kibuta kabla yake. Lingesemwa harusini, lingesemwa sokoni, lingesemwa siku ya mazishi yake mwenyewe, Bundala akiwa amekaa juu ya jeneza, na waombolezaji wote wakicheka. Aliirudisha mikono yake nyuma, akaitazama ile ndefu nyeupe. Ilisimama kama bunduki ya afisa.

Modesta alimwona anakotazama. Alisogea karibu, akateremsha sauti, ila haikushuka vya kutosha. “Mzee, nisamehe. Lile jicho lako lina ukungu, na hili pia naona linaanza. Darubini haiondoi ukungu, hata iwe kubwa vipi. Hospitali ni hapo tu, hatua chache. Ningekuwa wewe ningeanza na...”

“Nani amekuuliza habari za macho yangu?”

Sauti yake iliwafanya kuku wa baraza wakimbie. Bundala alimtazama mtani wake machoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

“Mimi nimesoma nikiwa na jembe mkononi,” Mzee Abeid alisema. “Sikufundishwa na mwanamke aliyeshindwa ualimu akaja kuuza makorokoro ya wazungu barazani. Wanafunzi walikushinda, sasa unatafuta wazee wa kufundisha? Funga hii ndefu.”

Modesta alihesabu fedha, akalaza bomba ndani ya boksi lake. Alichukua kipande kidogo cheusi kilichopinda kama kiwiko cha mkono, chenye kioo ndani, akakiinua. “Hiki kinakaa hapa nyuma, unakiinamia unapotazama. Usikitoe. Bila hiki, unachokiona kinakuwa...”

“Nimesema nimesoma.”

Aliweka kiwiko ndani ya boksi. Kisha aliitazama kalenda ukutani, akaitazama tarehe ya mfungo, akasema taratibu, “Siku hizi jioni, upande wa magharibi, kuna...” Akakatisha. Alitabasamu, na lilikuwa tabasamu baridi ambalo Mzee Abeid, pamoja na ukungu wake, aliliona vizuri. “Basi. Mzee umesoma. Safari njema.”

Rahma aliambiwa kwamba daktari amesema jicho halijakomaa, arudi baada ya mfungo, na kwamba darubini ni zawadi ya mwalimu mmoja wa Tumbi anayeheshimu watu wenye elimu. Rahma alilitazama boksi muda mrefu. Alimtazama mumewe. “Zawadi,” alisema, akaingia jikoni.

Kwa wiki mbili darubini ilisimama barazani mchana, kila mpita njia aione. Watu walikuja kuishika. Abdulkadiri alikuja pia, akaizunguka, akaipiga picha kwa simu, akauliza kwa adabu inavyofanya kazi. Mzee Abeid alimweleza mambo ya mwanga na mvua, kopo na karai, bila kusema aliyemfundisha. Jambo moja hakulisema kwa mtu: kwamba kila alipojaribu kuielekeza kwenye kitu, hakukipata. Bomba lilitazama mbele, kiwiko kilimtazamisha chini, na kichwani mwake viwili hivyo havikukutana. Mara moja tu aliupata mnara wa simu, ukatetemeka, ukatoweka.

Siku ya ishirini na tisa ya Shaaban mbingu ilitakata. Kabla ya magharibi watu walijaa nyuma ya msikiti kuliko miaka yote, maana habari za darubini zilifika mbali. Mzee Abeid alipanda kichuguuni na kanzu yake ya pasi. Miguu mitatu ya bati ilitafuta mahali pa kusimama juu ya udongo, ikayumba, ikatulia. Chini, Abdulkadiri alitandika mkeka, akaweka juu yake kipaza sauti cha msikiti.

“Leo ushahidi usikike kijiji kizima, kaka,” alisema. “Tuna msomi mwenye chombo.”

Jua lilizama. Mzee Abeid aliinamia kiwiko, akaanza kupekua anga ya chini, pale alipojua mwezi mchanga hukaa. Aliona wekundu. Aliona weusi wa matawi ukipita na kurudi. Akasogeza, bomba likatikisika, akasubiri litulie, na wakati linatulia anga ilikuwa imesogea kuelekea giza. Jasho lilimtiririka mgongoni. Watu wakaanza kukohoa, kisha kunong'ona.

“Kaka,” Abdulkadiri aliita kwa upole, “mbona umerukuu na sala bado?”

Kicheko kidogo kilipita. Mzee Abeid alijiinua. Masikio yalimwaka moto. Alikichomoa kile kiwiko, akakitupa kwenye mfuko wa kanzu, akachomeka kioo cha jicho moja kwa moja nyuma ya bomba. Sasa ilikuwa kama bunduki kweli. Aliinua kichwa atafute pa kulenga, na macho yake yenye tui yaliona kitu kimoja tu katika anga yote ya magharibi: doa jeupe, kali, juu kabisa ya mnara wa simu.

Moyo wake ulimwambia kwamba mwezi wa siku ya kwanza haukai juu vile. Alilijua hilo tangu utotoni. Alilenga hata hivyo, akazungusha kirungu cha kusafisha picha, na lile doa likajikusanya, likajikunja, likawa kitu cheupe, chembamba, kilichopinda vizuri, chenye ncha mbili. Miaka miwili alikuwa hajaona kitu kilichopinda vizuri namna ile. Kama kuna sauti ndani yake iliyokuwa ingali inasema, aliizima yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

“Allahu akbar!” alipaza sauti. “Umeandama!”

Makopo yakapigwa. Wanawake wakapiga vigelegele majumbani. Mzee Abeid alishuka, akaketi kwenye mkeka bila kusubiri kuambiwa, maana sheria ni sheria hata kwa aliyeitunga. Wazee wanne waliketi mbele yake. Abdulkadiri alishika kipaza sauti.

“Ulikuwa upande gani wa pale jua lilipozama?”

“Kulia kidogo,” sauti ya Mzee Abeid ilisikika toka kwenye spika nne za msikiti, ikapita juu ya mihogo na mikorosho.

“Juu kiasi gani?”

“Juu ya mnara wa simu.”

Mzee mmoja aligeuza shingo akautazama mnara. Mwingine alimtazama mwenzake. Abdulkadiri hakutazama kokote. Hakuharakisha. Alisogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo wa ndugu yake.

“Na pembe zake, kaka? Zilitazama wapi?”

Mzee Abeid alijua jibu linalotakiwa. Alilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Pwani, mwezi unaoandama hulala chali, pembe zikitazama juu kama bakuli linalosubiri uji. Lakini anayeketi mkekani hutakiwa kusema alichokiona, na alichokiona ni chombo cha sayansi kilichomwonyesha, na katika maisha yake hakuwahi kusema uongo kwenye mkeka ule. Ya mwaka jana aliyasema kwa kidole tu, hakuketishwa. Alinyoosha mgongo.

“Chini,” alisema. “Zilitazama chini. Nimeziona wazi kabisa.”

Spika zililipeleka neno hilo hadi mwisho wa kijiji.

Abdulkadiri alisimama bila kuzima kipaza sauti. Alipanda kichuguuni, akainama kwenye bomba, akatazama, akatazama tena kwa jicho tupu, akashuka.

“Kitu kipo,” alisema. “Kina umbo la mwezi na pembe ziko chini, kaka hasemi uongo. Ila nikitoa jicho kwenye bomba, pale hapana mwezi. Pale pana nyota. Ni Zuhura, ndugu zangu, ile inayong'aa magharibi kila jioni tangu mwezi uliopita, hata watoto wanaiona. Darubini ikiikuza, majira haya inaonekana imeliwa kama mwezi mchanga. Na bomba hili ukilitoa kiwiko linapindua kila kitu, juu kunakuwa chini. Nilisoma yote haya kwenye simu, wiki iliyopita.”

“Wiki iliyopita?” Mzee Abeid aliuliza. “Ulijua?”

“Nilijua, kaka.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nani akuambie wewe?”

Hapo ndipo mtu mmoja nyuma, hakujulikana ni nani, alipopiga kelele: “Leteni kamba! Mwezi umejinyonga!”

Kilikuwa kicheko ambacho Kibuta haikuwahi kukisikia, kwa sababu kilitoka kwenye spika pia. Wazee wa mkekani walijifunika midomo kwa kofia zao. Mzee Abeid alijaribu kusimama, akakosea ukingo wa mkeka, mguu ukagonga kipaza sauti, mgongano ukalia mpaka bondeni. Sasa hapakuwa na la kuficha. Alipapasa hewani akitafuta mkono wa mtu, na watu wote waliona anavyopapasa.

Mkono ulikuja. Ulikuwa mgumu, wenye harufu ya moshi.

“Twende mzee,” Hussen mchoma mkaa alisema kwa sauti ya upole ileile ya siku zote. “Nafasi ipo huku kwetu, kwenye viatu.”

Redio ilitangaza usiku ule kwamba mwezi haukuonekana, mfungo ni keshokutwa. Mzee Abeid hakuisikia. Alifika nyumbani akamkuta Rahma ameketi barazani gizani. Kila neno lilikuwa limemfikia pale alipokaa. Hakulia, hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na chakula, akaweka mbele ya mumewe. Mzee Abeid alinyoosha mkono, vidole vikagusa kitako cha sahani. Sahani ilikuwa imepinduliwa juu ya mkeka, na ubwabwa ulikuwa chini yake.

“Kula,” Rahma alisema. “Nimekupakulia unavyoona wewe.” Kisha, akiwa mlangoni: “Mbuzi watano, Abeid. Watano.”

Siku ya tatu ya mfungo Bundala alikuja kutoka Janga. Habari zilienea kwamba mtani amefika, na watu walikuja polepole, mmoja mmoja, wakajifanya wanapita, wakasimama uani. Walikuja kusikia. Yaliyosemwa msikitini yalikuwa maji ya moto tu. Pilipili yenyewe alikuwa nayo Msukuma. Hata Mzee Abeid, aliyekuwa amejifungia siku zote hizo, alitoka akaketi barazani. Alikuwa akimsubiri Bundala kuliko walivyomsubiri wao. Mtani akikutukana, mambo yamekwisha. Unamjibu, watu wanacheka, kesho unapita njiani kama mtu. Tayari alikuwa amelitayarisha jibu la pipa, na la nguruwe, na la nyota.

Alisikia hatua zikipanda barazani, zikasimama mbele yake. Alisikia fimbo ya kuchungia ikiegeshwa ukutani taratibu.

“Haya, sema,” Mzee Abeid alisema akiinua kidevu. “Sema, mchunga ng'ombe unayenuka. Umekuja kudai mwezi wako? Uko ndani, nimeufunga kamba.”

Uani mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

Bundala alikuwa ameyatazama yale macho. Alikuwa ameyatazama Tumbi, na sasa aliyatazama kwenye mwanga wa mchana, meupe yote mawili, yakitafuta uso wake na kuukosa kwa shibiri nzima. Alivua kofia yake. Akainama kidogo, kama mtu anavyomwinamia mgonjwa au mkwe.

“Shikamoo, mzee,” alisema.

Mzee Abeid alifungua mdomo. Alisubiri neno lingine lifuate, neno lolote. Watu uani nao walisubiri. Halikuja.

“We Msukuma,” alisema, na sauti ilimpasuka, “nitukane. Nakwambia nitukane!”

“Pole sana, mzee,” Bundala alijibu. Alimshika mkono, akampangusa vumbi begani kwa kiganja, akamrekebishia kofia iliyokaa upande. “Mungu atakupa nafuu.”

Watu walianza kuondoka, mmoja mmoja, kama walivyokuja. Bundala alibaki ameinama akisubiri kuitikiwa, na kwa kuwa shikamoo haiachwi hewani, Mzee Abeid Saburi alimeza mate, akageuza uso kule alikodhani ndiko aliko mtani wake, akasema:

“Marahaba.”